Vipande Sabini na Viwili

Mtoto akizaliwa Mombasa au Ujiji, mzazi halali peke yake. Kuanzia siku ya pili mlango haufungwi. Shangazi kaja na doti ya kanga, jirani kaja na uji wa pilipili manga, bibi kaja na kanga yake kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa miaka kumi, anasema hii ndiyo ya kumfungia mtoto, hizo mpya zinamkwaruza. Mtoto huyohuyo akizaliwa Durban, kwa mama aliyetoka Uvira, Kigoma au Lamu, mlango unafungwa. Baba karudi kazini siku ya tatu. Bibi yumo ndani ya simu, analia kwa furaha, na simu haina mikono.

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya mlango huo. Nataka ushone mfarishi mdogo wa kichanga, na vipande vyake uvikusanye kwa watu ambao wangebisha hodi kama wangekuwa karibu. Neno mfarishi tunalo tangu zamani: ni tandiko lililojazwa pamba katikati, likashonwa juu kwa juu ili pamba isitembee. Wengine husema blanketi la viraka, nao hawajakosea. Hauhitaji ufundi mkubwa. Anayeweza kushona mshono mmoja ulionyooka kwa cherehani anaweza kuumaliza kwa mwisho wa wiki mbili, na asiye na cherehani nitamwonyesha njia yake huko mbele.

Mimi nashonea karibu na Jacobs, kusini mwa Durban. Anayepita kwa gari kuelekea Wentworth au Bluff huona maghala, malori na moshi. Anayeshona huona kingine. Durban ni mji uliokuzwa kwa sehemu na nguo. Mapema mwaka 1973 wafanyakazi wa viwanda vya vitambaa walikuwa miongoni mwa makumi ya maelfu waliogoma mjini hapa kudai mishahara ya kuwatosha. Miaka ya 1990 ushuru wa nguo za nje ulipopunguzwa, viwanda vingi vilifungwa, na sehemu ya kazi ikahamia kwenye karakana ndogo za kukata na kushona, chumba kimoja chenye meza ndefu na mashine kumi. Kila meza ya kukatia huacha mabaki: pembe za mashati ya kazi, vipande vya mashuka, kola zilizokosewa. Mengi huishia kwenye mifuko mlangoni. Nenda Ijumaa mchana, kazi inapolegea. Ukiwakuta watu wengi sema sanibonani, ngoja uitikiwe, ndipo ueleze kwamba unamshonea mtoto mchanga. Sijawahi kuona neno linalofungua mfuko haraka kuliko hilo.

Hata hivyo mabaki ya karakana ni ya kujazia nafasi pale kipande cha mtu kinapokosekana. Vipande vinavyobeba mfarishi vinatoka kwa watu.

Chukua karatasi, andika majina kumi na mawili. Mama wa mzazi, mama mkwe, shangazi, somo yake, jirani wa ghorofa ya chini, yule mama wa kanisani au wa msikitini aliyempeleka kliniki. Kila mmoja muombe kitambaa cha pamba cha sentimita 26 kwa 38, yaani kikubwa kuliko karatasi ya barua. Hapo utapata vipande sita vya mraba, na sita mara kumi na mbili ni sabini na viwili, ndiyo mfarishi mzima. Aliye mbali aseme na msafiri. Kitambaa cha kadiri hiyo kikikunjwa kinaingia katika bahasha, na hakuna msafiri atakayelalamika uzito. Waeleze kwamba hutaki kipya. Shuka lililochakaa katikati lakini zima pembeni, shati la babu, gauni la kitenge lililombana mwenyewe, kanga iliyopauka: hivyo ndivyo vitu. Kitambaa kilichofuliwa mara nyingi kimeshapungua, kimeshatoa rangi yake ya ziada, na kwa ngozi ya mtoto hakuna laini kama hicho.

Omba kwa upole. Wako akina mama hapa Durban waliotoka Kivu usiku, na watoto mgongoni, bila kuchukua kitu. Mmoja niliwahi kumuuliza kama ana nguo yoyote ya mama yake, akanyamaza, nikajua nimeuliza vibaya. Siku hizi nauliza tofauti: mama alipenda kuvaa rangi gani? Yule mama nilipomuuliza hivyo akaniambia, kijani, kijani chenye maua ya njano. Tulikwenda pamoja mjini, barabara ya zamani ya Grey ambayo leo inaitwa Dr Yusuf Dadoo, tukapita maduka ya vitambaa mpaka tukakipata. Vipande vya kijani katika mfarishi wa binti yake vimekaa katikati kabisa.

Ukiwa katika maduka hayo utakutana na shweshwe, na ningependa uichukue angalau ya mraba mmoja, kwa kuwa mtoto kazaliwa nchi hii. Ni pamba tupu, yenye michoro midogo iliyopangika, ya buluu iliyokoza, kahawia au nyekundu. Asili yake ni kitambaa cha buluu kilichokuja na wageni kutoka Ulaya, na inasemwa jina linatokana na Mfalme Moshoeshoe wa Wasotho aliyezawadiwa kitambaa hicho karne ya 19. Leo ile inayosifika zaidi hutengenezwa na Da Gama Textiles, Zwelitsha, katika Rasi ya Mashariki. Ikiwa mpya ni ngumu kama karatasi kwa sababu ya wanga, ina harufu yake, na akina mama wazoefu huigusa kwa ncha ya ulimi kuonja chumvi, ndipo wajue si ya kuiga. Upana wake ni kama sentimita 90 tu, basi usiitegemee kwa kitambaa cha chini bila kuiunga.

Sasa kupima pamba. Katika mabaki ya karakana huwezi kujua kwa macho kipi ni pamba na kipi ni poliesta. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio juu ya sinki, uwashe. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Chenye kitone kiweke kando, kitafaa kwa kitu kingine, maana jasho la mtoto wa Durban mwezi Januari halinyonywi na poliesta. Weka kando pia vitambaa vya fulana. Vinavutika, na mshono wako utapinda kila unapokutana navyo.

Kisha fua kila kitu kabla ya kukata. Hapa nasema kwa uchungu. Mfarishi wangu wa kwanza niliukata kutoka kwenye shweshwe mpya na vipande vyeupe vya shuka, nikaushona siku nane, nikaufua baada ya kumaliza. Buluu ilihamia kwenye nyeupe yote. Mzazi aliupokea vilevile, na mtoto aliutumia mpaka ukachanika, lakini mimi kila nikiuona niliona madoa. Basi: loweka kitambaa kimojakimoja katika maji ya baridi, suuza mpaka maji yatoke safi. Kikishakauka, lowesha kona ya kitambaa cheupe, usugue nacho. Kikitoa rangi bado, rudia. Kinachoendelea kutoa rangi baada ya mara nne, usikiweke karibu na cheupe, au kiache kabisa. Piga pasi kikiwa na unyevu kidogo.

Kukata ndiko kunakoamua mfarishi utakaaje. Tengeneza kigezo cha karatasi ngumu, sentimita 12 kwa 12, ukipime kwa pembe ya kitabu uhakikishe ni mraba wa kweli. Kiweke sambamba na nyuzi za kitambaa, mtande na mshindio, usikilaze mshazari, kwa sababu kipande kilichokatwa mshazari huvutika kikishonwa. Chora kwa chaki ya fundi, kata kwa mkasi mkali usiokatiwa karatasi. Ukiwa na kanga, utashawishika kuikata popote. Itazame kwanza. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na kila sehemu inatoa kipande cha tabia yake. Pindo likikatwa vizuri linakupa michirizi na vitone, mji unakupa ua moja kubwa la kukaa katikati ya mraba.

Jina lenyewe usilikate vipande. Herufi tatu zilizobaki kwenye mraba wa sentimita 12 hazisemi kitu. Kama unayo kanga nzima yenye maneno mazuri, ifanye kitambaa cha chini. Kanga huwa na urefu wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110. Kata sentimita 102 katikati ya urefu wake na 92 katika kimo, jina litabaki lote, na mtoto akilazwa atakuwa amelala juu ya maneno. Lakini chagua. Kanga nyingi zimeandikwa kumjibu jirani au mke mwenza, na fumbo la ugomvi si la kumlazia mtoto mchanga. Iinue pia kanga yenyewe mbele ya dirisha: ukiona mwanga unapenya kwa vitundu, imeshachoka, haitabeba pamba.

Una vipande sabini na viwili. Vipange sakafuni, vinane kwa upana, tisa kwa kimo. Hapa ndipo ninapopenda zaidi, na sitaki uharakishe. Vya mtu mmoja visigusane. Vyenye rangi nzito vitawanywe, visirundikane upande mmoja. Simama juu ya kiti, ufumbe macho nusu, utaona doa jeusi au shimo jeupe pale palipozidi. Njia nyingine ni kupiga picha kwa simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, nayo hukuonyesha uzito wa rangi bila kudanganywa na uzuri wake. Acha vilale usiku kucha kama hapana watoto wala upepo. Asubuhi utabadilisha vitatu, vinne. Ukiridhika, chora ramani: karatasi yenye visanduku sabini na viwili, na katika kila kisanduku uandike jina la aliyetoa. Ramani hiyo itunze, tutaihitaji.

Kushona: ukingo wa mshono ni sentimita moja, kila mahali, bila kubadilika. Bandika kipande cha selotepu kwenye bamba la cherehani, sentimita moja kutoka kwenye sindano, kitambaa kiwe kinapita hapo kikigusa. Unga vipande vinane vya safu ya kwanza, kisha uipime. Safu lazima iwe sentimita 82. Ikiwa 80, mishono yako ni minene mno, na ni afadhali kuifumua sasa kuliko kugundua safu ya tisa haikutani na ya nane. Mishono ya safu ya kwanza ipigwe pasi ielekee kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, na kuendelea. Unapounga safu na safu, ile mikunjo itakaa mmoja upande huu na mwingine upande ule, itabanana, na pembe nne zitakutana zenyewe. Watu husifia pembe hizo kama kipaji cha fundi, kumbe ni pasi.

Mkishafika hapa, wewe na vipande vyako, mna kitambaa kimoja cha sentimita 82 kwa 92.

Katikati weka nini? Hutegemea unaishi wapi. Durban ni joto na unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na baridi yake ya Juni na Julai si ya kutisha. Pamba bapa nyembamba inatosha, au tabaka moja la flanela. Ile pamba nene ya poliesta inayofanya mfarishi uvimbe kama mto iache. Kama mtoto yuko Johannesburg, Bukavu au Njombe, unaweza kuongeza unene kidogo. Kata pamba na kitambaa cha chini sentimita 92 kwa 102, ili kila upande uzidi sentimita tano.

Tandaza kitambaa cha chini sakafuni, uso ukitazama chini, ukinyooshe na kukibandika pembeni kwa selotepu bila kukivuta. Weka pamba. Weka vipande vyako juu, uso ukitazama wewe. Sasa piga bandi kwa uzi mrefu wa rangi tofauti, kuanzia katikati kwenda nje, kama miale ya jua. Au tumia pini za nepi, moja kila kiganja. Ukitumia pini, zihesabu kabla ya kuanza na uandike idadi ukutani. Utakapomaliza, hesabu tena. Mfarishi wa mtoto hautoki nyumbani mpaka hesabu mbili zilingane. Mimi niliwahi kukesha nikitafuta pini moja, nikaikuta ndani ya kiatu changu alfajiri, na sikujutia usingizi huo.

Mishono ya kushika matabaka ianzie katikati vilevile. Rahisi na nzuri ni mshazari: pita kutoka pembe hadi pembe ya kila mraba, upande mmoja kwanza, halafu upande wa pili, mpaka kila mraba uwe na msalaba. Refusha hatua ya sindano ifike milimita tatu, legeza mguu wa cherehani kama unaweza, na uende polepole. Kitambaa kikianza kujikunja mbele ya mguu, simama, inua mguu, kilaze, endelea. Nafasi isiyoshonwa isizidi kiganja, la sivyo pamba itajikusanya baada ya kufuliwa mara chache na mtoto atalalia mabonge.

Punguza kingo zilizozidi, kisha pindo. Kata mikanda minne ya sentimita 6 kutoka kwenye kitenge chenye upana wa sentimita 110 au zaidi, iunge iwe mmoja, utapata zaidi ya sentimita 370 unazohitaji kuuzunguka mfarishi. Kunja mkanda katikati kwa urefu, piga pasi, uushone upande wa mbele kwa sentimita moja, halafu ugeuze nyuma na uumalizie kwa mkono. Kwa mkono, tafadhali. Mshono mdogo uliofichwa, jioni tatu, umekaa mlangoni au mbele ya taarifa ya habari. Cherehani ingekuokolea muda, lakini pindo ndilo mtoto atakalolishika na kulinyonya miezi mingi, na uzi wa mkono ni laini mdomoni.

Niliahidi njia ya asiye na cherehani. Katika misitu ya Karnataka, kusini magharibi mwa India, wanaishi Wasiddi, watu ambao mababu zao walivuka bahari hii yetu kutoka Afrika karne nyingi zilizopita, wengi wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi, kwa mkono mtupu, kwa nguo kuukuu, nao huwatengenezea vichanga wao pia. Hawaungi vipande kwanza. Wanachukua kitambaa cha chini, wanakunja ukingo wake, wanaanza pembeni: kipande kimoja kinakunjwa kingo zake ndani, kinalazwa, kinashonwa kwa bandi ndogondogo inayoshika matabaka yote, cha pili kinapanda kidogo juu ya cha kwanza, wanazunguka hivyo, duru baada ya duru, mpaka wafike katikati. Pembe nne zinamaliziwa kwa vijipande vilivyokunjwa pembetatu wanavyoviita phula, yaani maua, na bila hayo maua kazi haijavaa nguo. Utahitaji sindano, uzi imara wa pamba, subana ya kidole, na subira ya wiki kadhaa. Kwa mtoto ningepunguza ukubwa uwe sentimita 70 kwa 80, tena bila pamba, kanga mbili kuukuu zinatosha. Katika mfarishi wa aina hiyo vipande havihitaji kulingana, kwa hiyo hata yule shangazi aliyetuma utepe mwembamba wa gauni lake anapata nafasi.

Kila ninapoishika kawandi nakumbuka kilima cha Kings Rest, hapo Bluff, mashariki ya Jacobs. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza waliwaleta Durban, kupitia Zanzibar, watu waliowatoa katika majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Mji ukawaita Wazanzibari. Walijenga maisha pale Kings Rest, na Uislamu wao na lugha yao, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ilipowang'oa na kuwahamishia Chatsworth, waliko wazao wao mpaka leo. Walizaa hapa, miaka zaidi ya mia kabla yetu, wala hapakuwa na simu ya kumpigia bibi. Sijui kina mama wale wa kwanza waliwafungia watoto wao katika nini. Naliwaza swali hilo mara nyingi nikipita pale.

Sasa neno ambalo ni lazima umwambie mzazi, hata kama linapunguza furaha ya siku. Mfarishi huu hauwekwi kitandani mtoto anapolala peke yake kabla hajatimiza mwaka. Madaktari wa watoto wa Marekani, na wa nchi nyingi nyingine, wanashauri kichanga alale chali, juu ya godoro gumu lenye shuka lililokazwa, bila mto, bila blanketi lililo huru, kwa sababu kitu laini kinaweza kumfunika uso na yeye hawezi kukiondoa. Mfarishi ni wa kumtandikia sakafuni mtu akiwa anamtazama, ajifunze kuinua shingo na kubiringika. Ni wa kumfunika miguu akiwa mikononi mwa mama, na wa kutandika chini ya mwembe siku ya ugeni. Akitimiza mwaka utapanda naye kitandani, na huko ndiko utakakochakaa. Kwa sababu hiyohiyo usishone vifungo, shanga, utepe wala kengele. Kila kinachoweza kung'oka kitaingia mdomoni.

Ufue mara moja kabla ya kuutoa, kwa sabuni isiyo na manukato, kuondoa wanga, mafuta ya mashine na vumbi la karakana. Uanike kivulini.

Lini upeleke? Kwetu pwani ningesema arobaini, mzazi anapotoka nje na nyumba imejaa. Lakini kwa mama aliye peke yake ugenini arobaini ni mbali mno. Mimi huenda wiki ya kwanza, asubuhi, na chungu cha uji pamoja na mfarishi, nikaosha vyombo kabla ya kukaa. Mfarishi hutoka kwenye mfuko baada ya mtoto kunyonya. Utoe kwa mikono miwili, pamoja na ile ramani ya visanduku.

Ramani ndiyo inayofanya kazi ambayo mshono hauwezi. Nimemwona mama wa Uvira akiipokea, akautandaza mfarishi kitandani, akaweka kidole juu ya mraba mmoja, akatazama karatasi. Huyu mama. Akahamisha kidole. Huyu mama mdogo. Huyu dada yangu wa Kalemie, hili shati lake la shule, nilikuwa nalifua mimi. Alifika kwenye mraba wa shweshwe akauliza huyu ni nani, nikamwambia ni yule mama wa Kizulu wa chini, anayekusalimia ngazini. Alinyamaza kidogo, akamchukua mtoto, akamlaza pale.

Yule mama wa chini naye alipanda jioni kuja kuuona. Nilimweleza kwamba sisi kitambaa cha kumbebea mtoto tunakiita mbeleko. Alicheka akapiga makofi: kwao imbeleko ni ngozi ya kumbebea mtoto, na ni jina la sherehe ya kuchinja mbuzi ili mtoto ajulishwe kwa wazee waliotangulia. Kubeba mgongoni wao ni ukubeletha, sisi kueleka. Yeye na mama wa Uvira walikuwa wamesalimiana kwa Kiingereza cha kukatakata mwaka mzima, kumbe neno walikuwa nalo. Ukimpelekea mzazi mfarishi, mwite na jirani.

Lebo ishone baadaye, mtoto akishapewa jina, maana wengi wetu tunangoja siku ya saba. Kipande kidogo cha shuka jeupe, jina la mtoto, mwaka, na neno Durban, kwa uzi wa kutarizi na mshono wa kurudi nyuma, kwenye kona ya chini.

Na mabaki ya vitambaa vile kumi na viwili usiyatupe. Yatie katika mfuko mdogo, mpe mzazi auweke chini ya sanduku. Mtoto akianza kutambaa magoti yatatoboa mraba mmoja au miwili, na kiraka kitatoka katika nguo ileile.